E330, E621, E951: namba za kwenye lebo ya chakula zinasema nini hasa

Orodha hizo hazikosi kurudi kwenye simu kila baada ya muda: namba zinazoanza na herufi E zimepangwa safu, na pembeni ya kila moja pameandikwa "husababisha saratani", "huua figo", "epuka kabisa". Si jambo jipya. Mnamo 1976 huko Ufaransa ilianza kusambaa karatasi iliyodaiwa kutoka hospitali ya saratani ya Villejuif, ikiitaja E330 kuwa hatari kuliko zote. Hospitali iliikana, lakini watu waliendelea kuinakili na kuigawa kwa miaka mingi. E330 ni asidi ya sitriki, ileile inayolipa limau ukali wake, na mwili wako unaitengeneza muda huu unaposoma, kwa sababu ni hatua mojawapo katika kugeuza chakula kuwa nguvu.

Wapo pia wanaosema kwamba kilichoruhusiwa na serikali ni salama na mjadala umekwisha. Hao nao wanapitiliza. Rangi kadhaa zilizoliwa kwa miongo zimeondolewa sokoni baada ya kupimwa upya. Kujua kipi kikutie wasiwasi na kipi ukipuuze kunahitaji kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo habari nyingi huyachanganya.

Kiongezeo cha chakula ni kitu ambacho kwa kawaida hakiliwi peke yake, kinachotiwa makusudi ili kifanye kazi fulani ndani ya chakula: kukihifadhi, kukipa rangi, kukoleza ladha, kuzuia mafuta na maji visitengane, kukifanya kizito, au kuzuia unga usigande mabonge. Maneno mawili yabebe uzito hapo: makusudi na kazi. Kichafuzi ni kitu kingine. Hicho huingia bila kualikwa, kama madini ya risasi, sumukuvu kwenye nafaka zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, au mabaki ya dawa za kuua wadudu. Jambo la tatu ni ughushi, yaani kutia kitu kilichokatazwa ili kumdanganya mnunuzi. Mwaka 2008 nchini China maziwa yaliyoongezwa maji yalitiwa melamini kwa sababu kipimo cha protini kilichotumika hupima nitrojeni, na melamini imejaa nitrojeni. Watoto wachanga 6 walifariki na karibu 300,000 waliugua. Mwaka 2005 mamia ya bidhaa ziliondolewa madukani Uingereza kwa sababu ya pilipili ya unga iliyopakwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan 1. Habari zote mbili zilitangazwa kana kwamba ni kashfa za viongezeo. Hazikuwa hivyo, na huwezi kujilinda na ughushi kwa kusoma lebo, maana mghushi haandiki alichotia.

Herufi E yenyewe inatokana na Ulaya. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO), hutumia namba hizohizo bila E, hivyo 330, INS 330 na E330 ni kitu kimoja. Namba hiyo ni kama namba ya usajili ya gari: inakuambia gari linajulikana na limekaguliwa, haikuambii dereva atalikimbiza kwa kasi gani. Zilizo katika 100 ni rangi. 200 ni vihifadhi. 300 huzuia chakula kuchacha kwa kukutana na hewa, au hurekebisha ukali wake. 400 hukifanya kizito na kushikanisha mafuta na maji. Kwenye 500 utakuta soda ya kuokea, kwenye 600 vikoleza ladha, na kuanzia 900 kuna nta, gesi na vitamu visivyo sukari. Mpangilio huo una matobo yake, lakini unatosha kukuonyesha njia. E300 ni vitamini C. E101 ni vitamini B2. E260 ni asidi ya siki. E948 ni oksijeni.

Kiasi gani ni kingi?

Kiwango kinachoruhusiwa hupatikana kwa njia ambayo wengi hawajawahi kuelezwa. Wanyama wa maabara hulishwa kiongezeo kwa vipimo vinavyopanda, mara nyingi kwa maisha yao yote, kisha hutafutwa kipimo cha juu kabisa ambacho hakikuleta madhara. Kwa kawaida kipimo hicho hugawanywa kwa 100: mara 10 kwa kuwa binadamu si panya, na mara 10 tena kwa kuwa binadamu wenyewe hawafanani, kuna mtoto, mjamzito, mzee na mgonjwa. Jibu huandikwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili, nalo ni kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku hadi uzeeni. Kukivuka siku moja hakumfanyi mtu amelishwa sumu. Kukivuka kila siku ndiko kunakomega ile akiba ya usalama.

Chukua aspatamu (E951), kitamu cha soda nyingi zisizo na sukari. Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiweka kundi la 2B, "huenda ikasababisha saratani". Siku hiyohiyo JECFA, kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, ilisema kiwango cha siku kinabaki palepale, miligramu 40 kwa kilo. Watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: tumwamini nani?

Taasisi hizo zilijibu maswali mawili tofauti. IARC huuliza kama kuna ushahidi kwamba kitu kinaweza kuleta saratani, na ushahidi huo una nguvu kiasi gani. JECFA huuliza kwa kiasi gani. Makundi ya IARC hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari; ndiyo maana moshi wa tumbaku, mwanga wa jua na soseji vyote vimo kundi la 1 ingawa madhara yake hayalingani hata kidogo, na kundi la 2B lina hata dondoo la jani zima la mshubiri.

Sasa piga hesabu. Mtu wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 2,400 kwa siku. Kopo moja la soda lina takriban miligramu 200 hadi 300, hivyo atahitaji makopo 8 hadi 12, kila siku. Lakini mtoto wa kilo 20 nafasi yake ni miligramu 800, ambazo zinaisha kwa makopo matatu au manne. Kiwango hufuata uzito, na kipimo kilekile cha kinywaji hakina maana ileile kwa kila mtu mezani. Wenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi unaozuia mwili kuvunja fenilalanini, kiungo kilichomo ndani ya aspatamu, hawana nafasi hata ya kopo moja, na kwa ajili yao lebo huandika "ina fenilalanini". Jambo moja zaidi kuhusu vitamu hivi, ambalo kelele za saratani zililifunika: Mei 2023 WHO ilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa kwa muda mrefu havikuonekana kupunguza mafuta mwilini. Ushauri huo haukuwahusu walio tayari na kisukari.

Glutameti na hofu ya mwaka 1968

E621, monosodiamu glutameti, ilitambuliwa mwaka 1908 na mkemia wa Japani Kikunae Ikeda alipokuwa akichunguza ladha ya mchuzi wa mwani. Glutameti hiyohiyo imo kwenye nyanya zilizoiva, uyoga, jibini iliyokaa muda mrefu na maziwa ya mama. Sifa mbaya ilianza na barua moja iliyochapishwa mwaka 1968 katika jarida la New England Journal of Medicine, ikieleza ganzi na udhaifu baada ya kula katika mikahawa ya Kichina. Barua, si utafiti. Majaribio yaliyofuata, ambayo mlaji na mpimaji wote hawakujua nani kapewa nini, hayakuweza kuonyesha dalili zinazojirudia kwa uhakika. Wachache hupata maumivu ya kichwa au joto usoni wakipewa gramu 3 au zaidi bila chakula, ilhali sahani ya kawaida huwa na chini ya nusu gramu.

Tena glutameti ina sodiamu kama asilimia 12, na chumvi ya mezani asilimia 39. Ukisoma lebo ya unga wa mchuzi, mara nyingi chumvi ndiyo inayoongoza orodha ya viambato. Anayeuogopa unga huo kwa ajili ya glutameti anaogopa mstari usio sahihi.

Nitriti, ambayo inastahili mjadala

Hapa siwezi kusema "msijali". Nitriti ya sodiamu (E250) hutiwa kwenye soseji, hemu na bekoni. Inazuia bakteria Clostridium botulinum, ambaye sumu yake hupooza misuli hadi ya kupumulia, na ndiyo inayoifanya nyama ibaki na rangi ya waridi hata ikipikwa. Bila kihifadhi, nyama iliyofungiwa pasipo hewa ni mahali pazuri kabisa kwa bakteria huyo. Nitriti ipo hapo kwa sababu nzuri.

Tatizo huja inapokutana na vijenzi vya protini kwenye moto mkali au kwenye asidi ya tumbo: hutengenezwa nitrosamini, ambazo baadhi yake huleta saratani. Ndiyo sababu kwenye lebo hiyohiyo utaona E300, E301 au E316, yaani vitamini C na ndugu zake, zilizotiwa kuzuia mabadiliko hayo. Hupunguza, hazikomeshi. Mwaka 2015 IARC iliweka nyama zilizosindikwa kundi la 1 na kukadiria kuwa kula gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Wengi walisoma hapo kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Sivyo. Asilimia hiyo huongezwa juu ya hatari iliyokuwapo: ikiwa kati ya watu 100 wangeugua 5, sasa wataugua karibu 6. Kwa mtu mmoja ni tofauti ndogo. Kwa nchi nzima ni wagonjwa wengi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha viwango vya chini zaidi vya nitriti.

Kwa mlaji maana yake ni hii: soseji ya mara mojamoja haina uzito wa soseji ya kila asubuhi, na kuikaanga mpaka iungue ni kubaya kuliko kuichemsha. Jihadhari pia na bidhaa zinazojisifu "hatukuongeza nitriti" huku orodha ikitaja dondoo la mboga ya selari. Selari ina nitrati nyingi, bakteria huigeuza kuwa nitriti, na molekuli inayopatikana ni ileile.

Anayesindika nyama mwenyewe asipime kwa kijiko wala kwa macho. Chumvi maalumu ya kusindikia yenye nitriti asilimia 6.25 hutumika gramu 2.5 kwa kilo 1 ya nyama, ikipimwa kwa mizani inayosoma sehemu ya gramu, na kuchanganywa sawasawa. Hutiwa rangi ya waridi makusudi ili isichukuliwe kuwa chumvi ya mezani. Ikizidi sana, damu hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha hugeuka bluu, na hiyo ni dharura ya hospitali.

Rangi, na neno "asilia"

Kati ya viongezeo vyote, rangi ndizo zenye utetezi dhaifu kuliko vingine. Kihifadhi kinakukinga na sumu ya bakteria. Rangi inakinga mauzo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa watoto michanganyiko ya rangi bandia pamoja na benzoeti ya sodiamu (E211), na baadhi yao walionekana kuhangaika na kukosa utulivu zaidi. Athari ilikuwa ndogo na haikuwagusa watoto wote. Hata hivyo, tangu 2010 vyakula barani Ulaya vyenye E102, E104, E110, E122, E124 au E129 lazima viandikwe onyo kwamba vinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Watengenezaji wengi waliamua kubadilisha rangi kuliko kubeba onyo. Mzazi anayeona mwanawe hatulii baada ya peremende za rangi kali hapotezi lishe yoyote kwa kuziacha wiki mbili na kuangalia.

Neno "asilia" nalo lisikulaze usingizi. E120, rangi nyekundu, hutoka kwa wadudu waliokaushwa. Ni ya asili kabisa, na wapo watu wachache ambao miili yao huipinga kwa nguvu. Sulfaiti (E220 hadi E228), zinazotiwa kwenye matunda makavu na mvinyo, zinaweza kumbana kifua mwenye pumu, na hapo haijalishi zimeitwaje.

Swali linaloulizwa sana ni kwa nini kitu kikatazwe nchi moja na kiruhusiwe nyingine. Jibu la kawaida mitaani ni rushwa. Mara nyingi ni namna ya kuamua pale ushahidi unapokuwa nusunusu. Mwaka 2021 wataalamu wa Ulaya walisema hawawezi kuthibitisha kuwa titani dioksidi (E171), rangi nyeupe, haiharibu vinasaba, na mwaka 2022 ikapigwa marufuku huko. JECFA ilipima ushahidi huohuo na mwaka 2023 haikuona sababu ya kuikataa. Januari 2025 Marekani iliondoa idhini ya rangi nyekundu namba 3 katika chakula kwa sababu sheria yake ya mwaka 1960 inakataza rangi yoyote iliyoleta saratani kwa mnyama, hata kama haijaonekana kwa binadamu. Marekani hiyohiyo imeendelea kuruhusu kitaifa bromati ya potasiamu (E924) kwenye unga wa mkate, ambayo Ulaya haiiruhusu. Bromati huimarisha donge, na ikiokwa vya kutosha karibu yote hugeuka bromidi. Ikitiwa nyingi, au mkate ukitolewa mapema, mabaki yake hubaki ndani, na IARC imeiweka kundi la 2B. Vitamini C hufanya kazi inayokaribiana nayo, kwa hiyo mimi sioni kwa nini iendelee kutumika.

Yasiyo na namba ya E

Sukari na chumvi hazihesabiwi kuwa viongezeo. Hazina E, hazimo kwenye orodha za simu, na ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kuharibu afya. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na sukari ya kuongezwa isivuke asilimia 10 ya nguvu ya chakula, yaani gramu 50 kwa anayekula kilokalori 2,000. Ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Kopo la soda ya kawaida la mililita 330 lina kama gramu 35. Mtu anaweza kukagua rangi ya soda hiyo kwa makini, akaridhika kuwa ni ya asili, na akaimaliza akiwa amekula sehemu kubwa ya sukari ya siku.

Kuna jambo la ziada ambalo hesabu ya kiambato kimojakimoja hailikamati. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na wiki mbili vyakula visivyosindikwa sana. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa sukari, chumvi, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula alivyotaka. Kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, walikula haraka zaidi, na uzito ukapanda kwa wastani wa kilo 0.9. Bado watafiti wanabishana ni kipi hasa: ulaini wa chakula, nguvu nyingi katika tonge dogo, au viongezeo vyenyewe. Kwa hiyo orodha ndefu ya E kwenye pakiti ni dalili nzuri ya aina ya chakula ulichoshika, hata kama hakuna namba moja ndani yake yenye sumu.

Unaposhika pakiti, anza na viambato vitatu vya kwanza, kwa sababu huandikwa kuanzia chenye uzito mkubwa. Kisha hesabu majina ya sukari: sukrosi, glukosi, fruktosi, dekstrosi, maltosi, sharubati ya glukosi. Ikigawanywa katika majina manne, kila moja huteremka chini ya orodha, na bidhaa inaonekana ina sukari kidogo kuliko ilivyo. Halafu soma safu ya gramu 100, achana na ya "kipimo kimoja", ambacho mtengenezaji hujichagulia; pakiti ndogo inaweza kuwa na vipimo viwili na nusu. Pakiti ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5: miligramu 600 za sodiamu ni gramu 1.5 za chumvi. Uingereza huhesabu chakula kuwa na chumvi nyingi kikivuka gramu 1.5 katika kila gramu 100, na sukari nyingi kikivuka gramu 22.5. Viwango hivyo vinafaa kukumbukwa popote ulipo. Baada ya hayo ndipo utazame namba za E, na utazame zinazokuhusu wewe: sulfaiti kama una pumu, E951 kama una fenilketonuria, nitriti kama nyama hiyo ni ya kila siku.

Na bidhaa iliyoandikwa "haina vihifadhi" isome kama maelekezo ya kuhifadhi. Mkate wa namna hiyo ukiota ukungu, usikwangue sehemu iliyoharibika ukala iliyobaki. Nyuzi za ukungu hupenya kwenye chakula laini kuliko jicho linavyoona. Vinywaji vyenye E211 pamoja na vitamini C navyo visiachwe juani au ndani ya gari lenye joto, kwa kuwa joto na mwanga huweza kuvifanya vitoe benzini kidogo. Watengenezaji wengi wamebadilisha michanganyiko yao tangu jambo hilo lijulikane, lakini kivuli hakigharimu kitu.